Filta Nne za Mwimbaji

Fundi alikiri kabla hajaulizwa jina.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Inspekta alikuwa bado anatafuta kalamu inayoandika, maana kituo kilikuwa na kalamu kumi na moja na zote zilikuwa likizo. Mtu aliyeletwa mbele yake alikaa, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza kama mtoto anayekaguliwa kucha, akasema:

"Andika tu, afande. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi niliyemvunja shemeji."

Inspekta aliacha kutafuta kalamu. Alikuwa mama wa makamo ambaye magoti yake yalilia kila alipoinuka, na katika kazi hii alikwisha kudanganywa na watu wa kila namna, wenye tai na wasio na viatu. Wanaokana alikwisha kuwazoea. Anayekiri kabla ya chai ndiye aliyemtia wasiwasi.

"Umemvunja kwa kitu gani? Kwa nyundo?"

"Kwa filta."

Koplo alikuwa amesimama mlangoni, mrefu na mwembamba kama ngazi. Aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika.

"Usicheke, Koplo. Nyonga ya mtu imevunjika."

"Sicheki, afande. Nakohoa."

Jalada lililokuwa mezani lilikuwa jembamba na baya. Juzi, katika viwanja vya chuo, mashine kubwa ya kukatia nyasi, ile ambayo dereva huikalia na kuiendesha kama trekta dogo, ilikuwa ikipanda ukingo mkali nyuma ya maktaba. Katikati ya mwinuko nguvu ikaisha. Ikarudi kinyumenyume, ikapinduka, ikamlaza dereva wake kwenye mtaro wa zege. Mashine hiyo chuo kizima waliiita Mwimbaji, kwa sababu ya mlio mwembamba iliyoutoa kila ilipofanya kazi. Dereva alikuwa mume wa dada yake Fundi. Jana, fundi wa wakala aliyeuza mashine alikuja akaifungua, akaandika kurasa mbili: filta ya mafuta ya haidroli iliyofungwa siyo yake. Msimamizi wa viwanja akaongeza ukurasa wa tatu: aliyeifunga ni Fundi, siku kumi na moja zilizopita, naye wiki moja kabla ya hapo alisikiwa na watu sita mlangoni pa karakana akimwambia shemeji yake kwamba siku moja mashine itambwaga, na yeye ataanza kwa kuinua mashine kabla ya kumwinua mtu.

Dereva mwenyewe, akiwa kitandani, alithibitisha maneno hayo na kuweka sahihi. Inspekta naye jana jioni aliweka sahihi yake, kwenye karatasi ya kumlaza Fundi mahabusu. Saa kumi alasiri jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka, na juu yake mtu mwenye mwandiko mzuri alikwisha kuandika: kujaribu kuua.

"Maneno hayo uliyasema?"

"Niliyasema. Mama yetu alikuwa mgonjwa, shemeji akamzuia dada asiende kumuuguza. Nilipandwa na hasira."

"Filta uliifunga?"

"Niliifunga."

"Ulijua kwamba siyo yake?"

Fundi alitazama viganja vyake.

"Nakuuliza."

"Afande, nimemtamkia vibaya, kisha nikafunga filta, kisha mashine ikamtupa. Nilijua, sikujua, dada yangu ataniangaliaje?"

"Kwenye fomu hii hakuna nafasi ya dada yako atakuangaliaje." Inspekta aliinuka, magoti yakatoa taarifa. "Koplo, lete lile boksi. Tunafanya gwaride la utambulisho."

"Na mashahidi je?"

"Washukiwa wamo ndani ya boksi."

Koplo alizipanga filta tano mezani, mdomo juu, akaziandika namba kwa chaki. Zote zilikuwa makopo meusi, kimo kimoja, unene mmoja, kila moja na mpira wa kuzibia ukizunguka shingo. Wakala ndiye aliyezituma, pamoja na ile taarifa yake ya kurasa mbili. Mtu asiye fundi angedhani amewekewa pacha watano wa mama mmoja.

"Mwimbaji amekuja karakana," Inspekta alisema. "Amemaliza masaa yake ya kazi, anataka filta mpya ya haidroli. Chagua."

Fundi hakuchukua hata nusu dakika. Alipitisha kidole gumba ndani ya shingo ya kila kopo akihesabu nyuzi za kufungia, akapima upana wa mpira kwa vidole viwili, akainua namba nne.

"Hii."

"Una hakika?"

"Nyuzi zinaingia. Mpira unakaa kwenye kiti chake, hauvuji. Kimo hakigusi fremu." Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa na sauti ya mtu mzima. "Hiyo namba moja mpira wake ni mpana, utabanwa nusu. Namba tano nyuzi zake ni nene. Hizi mbili zilizobaki zinaingia, lakini ninayoijua mimi ni hii. Ndiyo iliyokuwemo tangu nilipofika hapa."

Koplo alimtazama Inspekta. Namba nne ilikuwa ya aina ileile iliyomvunja Dereva.

"Anaigiza," Koplo alisema kwa sauti ya chini. "Mtu akishaona jela anakuwa msanii."

"Labda." Inspekta alitoa kiberiti mfukoni, akamkabidhi Fundi njiti moja. "Umeangalia shingo. Sasa angalia koo. Ingiza njiti kwenye vile vitundu vinavyozunguka."

Fundi aliingiza njiti kwenye kitundu cha namba nne. Iliingia kidogo, ikagota, ikapinda. Akasukuma tena. Kitu kilaini ndani kiliirudisha.

"Namba mbili sasa."

Kwenye namba mbili njiti ilipita moja kwa moja hadi kwenye karatasi ya kuchujia.

Fundi aliirudia namba nne. Kisha namba mbili. Kisha namba nne tena, polepole, kama mtu anayepapasa jino bovu.

"Ni kitu gani kimeizuia?"

"Mpira," Fundi alisema. "Kifuniko cha mpira. Hii ni ya injini. Filta za injini zina mpira ndani, injini ikizimwa oili isirudi chini." Midomo yake iliendelea kusogea bila sauti, akifuata bomba baada ya bomba kichwani. "Lakini kwa Mwimbaji filta imekaa kabla ya pampu. Pampu haisukumiwi mafuta, inayanyonya yenyewe. Ukiiwekea mpira hapo ni sawa na mtu umwambie anywe uji kwa mrija, halafu uubane mrija. Atavuta hewa. Mafuta yatakuwa povu."

"Na povu lina ubaya gani?"

"Mafuta ndiyo yanayozungusha magurudumu, afande. Na ndiyo yanayoyashikilia. Ile haina gia ya kung'ang'ania mlima. Kwenye tambarare utaona uvivu tu. Kwenye mwinuko mkali, mafuta yakishapata moto..." Aliweka kopo chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba lingeweza kuumia. "Ule haukuwa wimbo. Alikuwa anakosa pumzi. Miezi tisa nimemsikiliza, nikamcheka. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kumwigiza."

Alifunika uso kwa viganja.

"Sasa niandike, afande. Sasa najua nilichofanya."

"Unajua ulichokosea. Hilo ni jalada lingine." Inspekta alivaa mkoba. "Umesema ndiyo iliyokuwemo tangu ulipofika. Uliyoikuta iliwekwa na nani?"

"Sijui. Nilipofika hapakuwa na fundi. Yule mzee wanayemwita Nati alikuwa amekwisha kustaafu."

"Koplo, baki naye. Mpe chai. Na hizo filta usizisogeze, nimezizoea sura."

Stoo ya chuo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha dogo la kuhudumia, na juu ya dirisha ubao uliopakwa maandishi mekundu: LETE YA ZAMANI UPEWE MPYA. Mtunza stoo alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuwatazamia wezi. Alipomwona Inspekta alivaa ya pili.

"Karibu, mwanangu. Umeleta ya zamani?"

"Nimeleta maswali, mzee."

"Maswali hayana rafu hapa. Lakini pita."

Alimwonyesha utaratibu wake kwa fahari. Fundi analeta kifaa kilichotolewa kwenye mashine. Mzee anakitazama, anatoa kinachofanana nacho, anakizungusha kwenye bolti iliyosimamishwa kaunta ili kuhakikisha nyuzi zinaingia. Cha zamani anakibakiza, anakitupa kwenye pipa lililo nje ya mlango. Kipya kinaandikwa kitabuni.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Kabla ya hapo walikuwa wakichukua vipuri wakienda kuviuza. Kanuni hii imeziba tundu lote."

"Na kama ile ya zamani ilikuwa siyo yenyewe?"

Mzee alivua miwani ya wezi.

"Siyo yenyewe kivipi?"

"Mtu akileta filta isiyo sahihi, utampa nini?"

"Nitampa... inayofanana nayo." Alivaa miwani ya kusomea, akaivua. "Na akirudi tena na hiyo?"

"Ndiyo ninayokuuliza wewe, mzee."

Mzee alikaa juu ya kreti. Inspekta alimpa nafasi. Kisha akauliza kama pipa limewahi kumwagwa.

"Mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita tangu mwaka juzi. Limejaa mpaka lina kilemba."

Walilipindua pamoja nje, kwenye sakafu ya zege. Filta zilibingirika huku na huku zikiacha michirizi ya mafuta mazito. Inspekta alichuchumaa, magoti yakalalamika, akaanza kuchambua. Kazi ilikuwa rahisi kuliko alivyotegemea, kwani mafundi wa hapo walikuwa na desturi nzuri: filta ikifungwa, inaandikwa kwa kalamu ya rangi nyeupe namba ya mashine, tarehe, na alama ya aliyefunga. Mzee Nati alichora duara. Fundi wa sasa alipiga mistari miwili.

Za Mwimbaji zilikuwa tatu. Ya nne alikuwa nayo tayari, mkobani, ndani ya mfuko wa ushahidi. Alizisimamisha juu ya kaunta kwa kufuata tarehe, akatoa njiti.

Ya kwanza, ya mwezi wa nane mwaka juzi, ilikuwa na duara. Njiti ikapita hadi kwenye karatasi.

Ya pili, ya tarehe kumi na nne mwezi wa pili mwaka jana. Njiti ikapinda.

Ya tatu, mwezi wa tisa mwaka jana, mistari miwili. Ikapinda.

Ya nne, siku kumi na moja zilizopita, mistari miwili. Ikapinda.

"Hii ya pili," Inspekta alisema, "haina alama."

Mzee aliinama karibu. "Haina."

"Nati alikuwa bado yupo?"

"Aliondoka mwezi wa kumi mwaka juzi. Huyu kijana alikuja mwezi wa saba uliofuata. Katikati hapo kila mtu alijitibu mwenyewe."

"Nione kitabu."

Hapo ndipo Msimamizi wa viwanja alipotokea. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye tai na pete ya funguo nyingi kama mlinzi wa gereza, na aliitazama sakafu iliyojaa mafuta kwa uso wa mtu aliyekanyagiwa zulia.

"Inspekta, nilidhani jambo hili limekwisha. Mkuu wa chuo anasubiri barua."

"Asubiri akiwa amekaa. Kitabu cha Mwimbaji kiko wapi? Kile cha kiwandani."

"Ofisini kwangu, kabatini."

"Kimefungiwa?"

"Kwa usalama. Mafundi wana mikono michafu."

"Ndiyo maana wanaitwa mafundi. Naomba ukilete."

Alikileta. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Inspekta aliichana kwa jino, akatafuta ukurasa wa haidroli. Palikuwa na namba ya filta, iliyolingana na ile ya kwanza yenye duara. Palikuwa na mchoro unaoonyesha inakaa wapi. Chini yake, ndani ya kisanduku cheusi, palikuwa na mstari mmoja uliomtaka msomaji asitumie filta ya injini hata kama inaingia.

Alimpa Msimamizi asome kwa sauti. Alipofika kwenye "hata kama inaingia" sauti ilipungua.

"Hakuna aliyewahi kuniomba," Msimamizi alisema.

"Na ukingo wa maktaba? Nani aliamuru ukatwe kwa mashine?"

"Zamani ulikatwa kwa mikono." Alizungusha pete ya funguo. "Mwezi huu kulikuwa na wageni. Nilitaka upendeze haraka. Niliwaambia wapande na Mwimbaji. Mimi niliwaambia."

Inspekta alimtazama, kisha akamtazama mzee aliyekuwa bado ameshika miwani mkononi.

"Tangu asubuhi kila ninayemgusa anakiri," alisema. "Nikiendelea hivi hata pipa litaomba msamaha. Mzee, mwezi wa pili mwaka jana. Tarehe kumi na nne."

Mzee alifungua kitabu kwa kidole kilicholowa mate. Alikuwa na mwandiko wa kukaza, safu zilizonyooka. Alisoma, akarudia kusoma.

"Siku hiyo hakuna filta ya haidroli iliyotoka. Zilikuwa zimeisha. Nimeandika hapa, 'zimeagizwa, wiki mbili.'"

"Ilitoka filta gani?"

"Moja tu. Ya injini ya jenereta. Niliipokea kuukuu, nikatoa mpya. Niliipima mwenyewe kwenye bolti."

"Aliyechukua?"

Mzee aligeuza kitabu, Inspekta aione sahihi mwenyewe. Ilikuwa ileile aliyokuwa nayo kwenye jalada, chini ya maelezo ya ukurasa mmoja na nusu kutoka kitanda cha hospitali.

"Dereva ana kazi gani na jenereta?" aliuliza.

"Alisema ametumwa na fundi umeme." Mzee alifunga kitabu. Kisha, kwa upole, kama anayejisemea mwenyewe: "Nilitazama shingo. Miaka kumi na tisa natazama shingo."

Ilikuwa saa nane kasoro robo Inspekta alipofika wodini. Nesi alimpa dakika kumi akasema akizidisha atamtoa yeye na mkoba wake. Dereva alilala chali, mguu mmoja umening'inizwa kwa kamba na mzigo wa mchanga. Alikuwa mtu mkubwa, na kitanda kilikuwa kidogo. Pembeni mkewe, dada yake Fundi, alikuwa akimfuta shingo kwa taulo lenye maji. Macho yake yalikuwa mekundu, ila mkono haukusita.

"Afande," alisema mke bila kugeuka. "Umekuja kuniambia kaka yangu anafungwa lini?"

Alisema "kaka yangu" japo Fundi alikuwa mdogo wake. Ndivyo alivyomwita tangu baba yao alipofariki na kijana akaanza kulisha nyumba.

"Nimekuja kumuuliza mumeo kitu kimoja."

"Muulize. Mimi nimeuliza tangu jana, ananiambia anaumwa."

"Ninaumwa kweli," Dereva alisema.

"Hata mimi ningeumwa," alisema Inspekta. Alivuta kiti, akatoa filta ya pili, akaiweka kwenye kimeza cha dawa kati ya vidonge na glasi. "Hii imefungwa kwa Mwimbaji baada ya Mzee Nati kuondoka, kabla shemeji yako hajaajiriwa. Nani aliifunga?"

Dereva aliitazama. Kisha akatazama dari.

"Sikumbuki. Siku nyingi."

"Haina alama ya fundi. Ina namba ya mashine na tarehe tu. Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili, mwaka jana."

Taulo lilisimama.

"Alhamisi," mke alisema.

Inspekta alimgeukia. "Unaikumbuka?"

"Jumamosi yake tulifunga ndoa." Alikuwa akimtazama mumewe, siyo filta. "Alhamisi hiyo ulichelewa kuja nyumbani kwetu. Wazee walikaa wanakungoja mpaka wakachoka. Ukaja unanuka oili, ukasema kazi imekwisha, umepata ruhusa."

Dereva alifumba macho. Mzigo wa mchanga ulitikisika kidogo kwenye kamba yake.

"Ruhusa ilikuwa na sharti?" Inspekta aliuliza.

"Nikate viwanja vyote kwanza." Sauti ilitoka ikiwa kavu. "Mwimbaji, wakati huo hakuwa na jina, alikuwa amegoma. Filta ilikuwa imeziba. Mzee wa stoo akasema haidroli zimeisha, nisubiri wiki mbili. Wiki mbili, afande, na ukumbi umelipiwa. Nilijaribu filta kuukuu ya jenereta, nikaona inaingia. Ikaingia vizuri kabisa. Nikaomba mpya."

"Lazima umpelekee mzee ya zamani. Uliitoa wapi ya jenereta?"

"Kwenye pipa lake mwenyewe. Mzee alikuwa ameinama ndani ya stoo. Niliiokota mlangoni, nikampa dirishani, na ile ya Mwimbaji iliyoziba nikaitupa pipani."

Pamoja na yote, Inspekta alilazimika kuangalia pembeni kidogo ili asicheke.

"Nilisema ni ya siku mbili," Dereva aliendelea. "Nikirudi kutoka harusini nitaibadilisha. Nikarudi, mashine inakata, inaimba, watu wanafurahi. Nikasema kesho. Kisha shemeji akaajiriwa. Nikasema huyu ni fundi, amesomea, ataiona. Alipoibadilisha mara ya kwanza nikasubiri aniulize. Hakuuliza. Alifunga nyingine ileile. Nikajiambia basi haina neno, fundi ameipitisha."

"Na jana? Msimamizi alipokuambia kwamba filta ndiyo iliyokuangusha?"

Dereva alivuta shuka hadi kidevuni.

"Nilikaa hapa hapa na daftari," Inspekta alisema. "Nilikuuliza kama una la kuongeza. Ukaniambia maneno aliyokutamkia shemeji yako. Ni kweli aliyatamka. Ulinipa kweli moja, nyingine ukailalia."

"Ningefukuzwa kazi. Na nyonga hii. Nani angeniajiri?"

"Kwa hiyo afungwe kaka yangu," mke alisema.

Hakupandisha sauti. Alikunja taulo mara mbili, mara nne, akaliweka kwenye ukingo wa beseni. Dereva alinyoosha mkono kuelekea kwake. Mkono ukabaki hewani, hakuna aliyeupokea.

"Sikujua itafika huko. Nilidhani watamkaripia. Halafu jana usiku nilitaka kukwambia, ulikuwa umelala kwenye kiti, nikasema ..."

"Ukasema kesho."

Nesi alichungulia mlangoni, akatazama nyuso tatu, akarudisha kichwa chake.

"Afande," mke alisema, "kaka yangu anapatikana kwa simu?"

"Yuko na Koplo wangu."

"Mpigie."

Kwa utaratibu, Inspekta alitakiwa kufungua daftari kwanza. Alilifungua, akaliweka juu ya goti, kisha akapiga simu, akabonyeza kipaza sauti na kumkabidhi mke. Mke hakuiweka sikioni kwake. Aliisogeza hadi kwenye midomo ya mumewe na kuishikilia hapo.

"Koplo, mpe Fundi simu," Inspekta alisema kutoka pale alipokaa.

Kiti kilisikika kikiburutwa. Mtu akakohoa.

"Haloo?"

Dereva aliinua kichwa kidogo. "Shemeji."

"Shemeji? Ni wewe?" Maneno yakaanza kumiminika. "Shemeji, nisamehe. Nilikuwa nawaomba hawa wanipe simu tangu jana. Nimeona leo, kwa macho yangu, ina mpira ndani, sikuangalia, niliangalia shingo tu. Na yale maneno niliyokutamkia, yafute shemeji, nilikuwa na hasira ya mama. Nimeshawaambia ni mimi. Wewe pona tu. Dada yuko hapo? Mwambie asikae bila kula. Shemeji? Mguu unaendeleaje?"

Machozi ya Dereva yalikuwa yakishuka kando kuelekea masikioni, kwa kuwa amelala chali, naye hakuwa na namna ya kuyaficha. Mkewe hakuyafuta.

"Sema," alimwambia.

"Shemeji, nyamaza kwanza. Nyamaza unisikilize." Alivuta pumzi. "Filta ya kwanza ya injini aliyowekewa Mwimbaji ni mimi niliyeiweka. Kabla hujaja. Wewe ulifuata yangu. Na jana nilijua, nikanyamaza, ukalala ndani."

Inspekta aliandika saa, saa nane kasoro tano, na mstari wa kwanza. Kalamu ilikuwa ya nesi, na iliandika.

Kwa mbali Koplo akasikika akiuliza kama simu imekatika. Kisha Fundi akazungumza. Haikuwa tena sauti ya shemeji anayeomba, wala ya mtu aliyekasirika. Ilikuwa ile ya fundi aliyeinama juu ya kifaa kilichoharibika, anayetaka kujua kilianzia wapi.

"Uliichagua kwa kuangalia nini?"

Dereva alimtazama mkewe.

"Kalenda, shemeji," alisema. "Niliangalia kalenda."

Mke aliendelea kuishikilia simu palepale.